Vigari vya Watoto wa Jinja na Mbale

Katika historia ya Afrika Mashariki tuliyozoea kufundisha, reli ina mahali pake, bwawa lina mahali pake, na pamba na kahawa zina mahali pake. Mchezo wa mtoto hauna. Jambo hili halishangazi, kwa kuwa kigari cha mtoto hudumu siku chache, kisha huvunjika na kutupwa jalalani, na mwanahistoria hupenda vitu vidumuvyo. Hata hivyo, mtu akivichunguza vigari vilivyotengenezwa na watoto wa mashariki ya Uganda, hasa katika miji ya Jinja na Mbale, ataona kwamba mabadiliko makubwa yaliyoipata nchi ile yaliingia pia katika vigari vile, na kwamba maneno ya Kiswahili yaliingia pamoja nayo. Hayo mawili ndiyo tunayokusudia kuyaeleza hapa.

Tuanze na gurudumu lenyewe. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na kwa miaka mingi baadaye mizigo ya Uganda ilivushwa kwa meli za ziwani. Mwaka 1912 ilifunguliwa reli fupi ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali. Mwaka 1929 njia iliyopita Tororo na Mbale ilifika Soroti; na mwaka 1931, daraja la Mto Nile lilipokamilika pale Jinja, gari la moshi likaweza kwenda moja kwa moja hadi Kampala. Kwa hiyo mtoto wa Jinja aliyezaliwa mwaka ilipofunguliwa reli ya Busoga aliona gari la moshi, baiskeli, motokaa na lori vikiwa vitu vya kawaida kabla ya yeye kutimiza miaka ishirini. Babu yake hakuwahi kuona hata kimoja alipokuwa na umri huo.

Majina yalifika pamoja na vitu. Waganda waliliita gari la moshi eggaali y'omukka, na maana yake ni ile ile ya Kiswahili, kwani omukka ni moshi. Eggaali peke yake ikawa baiskeli. Motokaa ikawa emmotoka, na msumari ukawa omusumaali. Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Busoga au Bugisu hana haja ya kuyaleta maneno haya darasani kana kwamba ni wageni. Wanafunzi wanayo tayari midomoni. Yamevaa tu nguo nyingine.

Sasa tuingie Jinja. Mwaka 1954 lilifunguliwa bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, na umeme wake ukavuta viwanda: kiwanda cha nguo cha Nytil, na tanuri la kuyeyushia shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, magharibi kabisa mwa nchi, baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956. Kando ya mji palikuwapo Kakira, shamba na kiwanda cha sukari cha akina Madhvani. Mji wenye viwanda ni mji wenye masalio ya viwanda. Vipande vya waya, spoki za baiskeli, mikebe, raba za matairi na vizibo vya chupa havikosekani, na mtoto hupita hapo kila siku aendapo shuleni.

Kigari cha waya hutengenezwa hivi. Waya mnene hukunjwa kuwa fremu, yaani mifupa ya gari, na waya mwembamba huzungushwa penye kila kiungo ili kukikaza. Katika fremu hukunjwa vitanzi, na ndani ya vitanzi hupitishwa ekseli. Magurudumu hukatwa katika soli ya kandambili iliyochakaa, au huundwa kwa vizibo vya chupa vilivyokabiliana viwili viwili. (Kandambili hizo Waganda huziita sapatu, neno ambalo kamusi zetu za zamani zinalo, nasi tulilipata kwa Wareno. Sisi tumelisahau, Kampala na Jinja wanalo.) Ekseli ya nyuma hukaa palepale, lakini ile ya mbele hushikwa katikati tu, ili ipate kugeuka. Kutoka hapo hupanda ufito au waya mrefu hadi kifuani pa mtoto, ukamalizikia katika duara, nao ndio usukani. Mtoto hukimbia wima nyuma ya gari lake, akikata kona na kukwepa mashimo. Miguu yake ndiyo nguvu, na mdomo wake ndio injini, maana hubadilisha gia kwa sauti.

Msomaji asidhani kwamba hii ni kazi ya kubahatisha. Gari linapokata kona, gurudumu la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani. Magurudumu yote mawili yakikazwa katika ekseli moja, moja litaburura na gari litakataa kugeuka. Fundi mdogo huligundua hilo siku ya kwanza, naye huyaacha magurudumu yazunguke kila moja peke yake juu ya ekseli, akiyazuia yasichomoke kwa kuikunja ncha ya waya. Katika motokaa halisi tatizo hilo hilo hutatuliwa na difrensha, chombo ambacho makanika wengi hukitamka na wachache hukieleza vizuri.

Mbale mambo yalikuwa tofauti. Mji ule, ulioanza kukua mwanzoni mwa karne ya ishirini chini ya Semei Kakungulu, umekaa chini ya Mlima Masaba, uitwao pia Elgon. Chama cha Ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954, na kahawa ya mlimani iliteremshwa mjini kwa njia zenye mwinamo mkali. Mteremko ni injini ya bure. Kwa hiyo, pamoja na vigari vya waya, miteremko ile ilikuwa na vigari vya mbao vya kupanda: ubao wa kukalia, magurudumu ya kuchonga, na kipande cha tairi kilichogongomelewa juu yake ili kisiliwe na mawe. Ikiwa fundi wa Jinja aliumiza kichwa juu ya kona, mwenzake wa mlimani aliumiza kichwa juu ya breki, kwa sababu kisigino hakitoshi. Breki ilikuwa raba ya tairi iliyokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Huko Goma, mashariki ya Kongo, ufundi wa namna hii ulikua ukaacha kuwa mchezo: chukudu, ule usafiri wa mbao wenye magurudumu mawili, hubeba viazi, makaa na magunia kutoka vijijini, na watu wazima hulishia familia zao kwa kazi hiyo.

Mwezi wa Agosti 1972 serikali ya Idi Amin ilitangaza kuwafukuza Waasia, nao wakapewa siku 90. Jinja ni miongoni mwa miji iliyoathirika sana, kwani biashara zake nyingi na viwanda vyake vilikuwa mikononi mwao. Vipuli vikaadimika. Maneno mawili ya Kiswahili yakatawala mazungumzo ya Uganda nzima: magendo, na mafuta mingi, ndio wale waliogawiwa mali zilizoachwa wakatajirika ghafla. Mwalimu atasema kwamba ilipasa kuwa mafuta mengi. Naam, ilipasa, lakini wananchi waliounda jina lile hawakuwa wakingoja kusahihishwa, na historia imeliandika vile walivyolitamka. Katika miaka ile tofauti baina ya fundi mkubwa wa gereji na fundi mdogo wa kigari ilipungua. Wote wawili walichakura masalio, na wote wawili walilazimika kukifanya kitu cha kazi moja kitende kazi nyingine.

Wakati huo huo, mbali sana na hapo, mchezo wa kujenga magari ulikuwa ukikua kwa njia nyingine. Seremala wa mji wa Billund, Denmark, aitwaye Ole Kirk Christiansen, alikuwa ameanza kutengeneza vinyago vya mbao vya watoto mwaka 1932. Kampuni yake ikapewa jina Lego, lililofinyangwa kutoka maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Tarehe 28 Januari 1958 iliomba hataza ya tofali la plastiki lenye vinundu juu na mirija ndani, linaloshikamana na mwenzake bila gundi wala msumari. Mwaka 1966 ikatoa gari la moshi lenye mota ya volti 4.5, yaani nguvu ya betri tatu za tochi, na mwaka 1977 seti zenye gia, ekseli na mihimili yenye matundu, ambazo kwazo kijana aliweza kubuni gari lenye usukani na sanduku la gia.

Wapo wasemao kwamba tofali hilo ni akili na waya ni umaskini. Sikubaliani nao. Tofali humpa mtoto kipimo kilichokwisha kupimwa: kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8, popote duniani. Waya haumpi kipimo chochote. Lazima akiweke yeye mwenyewe kwa jicho na kwa kiganja. Kwa upande mwingine, ni kweli pia kwamba meno ya gia hayakunjiki kwa waya, na hapo ndipo fundi wa waya hukwama atakapo gari lijiendeshe lenyewe.

Njia ya kwanza ya kulifanya lijiendeshe ilikuwa mpira uliosokotwa. Kigogo cha mbao cha uzi wa cherehani hupitishwa ukanda wa mpira katika tundu lake. Upande mmoja mpira hufungwa usiteleze, upande wa pili huwekwa kipande cha mshumaa na kijiti kirefu. Kijiti kikizungushwa, mpira hujisokota. Kigogo kikiwekwa chini hutambaa polepole hadi msokoto uishe, na kinaweza kupanda hata juu ya kitabu.

Njia ya pili ilikuja na redio kaseti, zilipoanza kuwa nyingi na, kwa hiyo, kuharibika kwa wingi. Ndani ya kila moja mna mota ndogo izungukayo kiasi cha mara 2400 kwa dakika. Tufanye hesabu. Ikifungwa moja kwa moja katika gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 4, kwa hesabu tu gari lingekwenda karibu kilomita 18 kwa saa. Kwa kweli haliendi. Mota hunguruma, betri hupata moto, na gari hubaki palepale, kwa sababu kasi ipo lakini nguvu ya kusukuma haipo. Mtoto mwenye matofali ya plastiki hutia gia ndogo iendeshe kubwa. Mtoto wa waya hukata kapi katika soli ya sapatu, lenye upana mara nane ya lile kapi dogo la mota, akaviunganisha viwili hivyo kwa ukanda wa mpira. Sasa ekseli huzunguka mara 300 tu kwa dakika, na gari huenda kama kilomita mbili na robo kwa saa, mwendo wa mzee atokaye msikitini bila haraka. Lakini linakwenda, maana nguvu imeongezeka karibu mara nane, tukiondoa ile inayoliwa na msuguano. Tena hulazimika kulikaza gurudumu moja tu katika ekseli ya nyuma na kuliacha la pili huru, kwa sababu ile ile ya kona tuliyoitaja.

Betri zenyewe Waganda huziita amanda, neno lile lile la makaa, nasi wengine huziita mawe. Inastahili kuulizwa darasani kwa nini lugha mbili ziliutazama mkebe mdogo wa umeme, moja ikaona kaa na nyingine ikaona jiwe.

Ni lazima tuseme neno juu ya sifa mbaya ya Kiswahili nchini Uganda. Amri ya mwaka 1973 ilikifanya lugha ya taifa, lakini wengi walikisikia kwanza katika vinywa vya askari wenye bunduki, na chuki hiyo haikufutika kwa urahisi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwalimu anayetumwa kukifundisha leo huambiwa na wazazi kwamba analeta lugha ya kambini. Anaweza kuwajibu kwa mifano ya gereji. Waya, spana, gia, breki, msumari, usukani na fundi ni maneno yaliyoishi katika mikono ya watengenezaji wakati wote ambapo yale mengine yalikuwa yakitisha barabarani. Mwaka 2011 Solomon King Benge alipoanzisha shirika la kuwafundisha wanafunzi wa Uganda ufundi wa roboti, aliliita Fundi Bots. Hakutafuta neno lingine la kutaja mtu atengenezaye vitu.

Mwaka huo huo wa 2011, wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere walikamilisha gari la umeme la viti viwili, wakaliita Kiira EV. Mwaka 2016 likafuata Kayoola, basi lenye paneli za jua juu ya paa. Kiira ni jina la wenyeji la Mto Nile pale utokapo ziwani, na kiwanda cha kampuni iliyozaliwa na kazi ile kimejengwa Jinja, upande wa Mafubira, karibu na maeneo yale yale ambamo waya uliokotwa miaka sabini iliyopita. Mabasi hayo huendeshwa kwa betri na mota, kama kile kigari cha redio kaseti, nayo hayana ule mngurumo wa kubadilisha gia uliozoeleka barabarani. Mtoto wa Mafubira atakayelijenga kwa waya itambidi alitafutie sauti nyingine.