Nusu ya Habari

Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini macho ya wasomi wakati mwingine huwa nalo.

Kati ya 1915 na 1918, Bronislaw Malinowski aliishi visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea. Aliandika kwa kirefu juu ya wanaume: viazi vikuu vyao, mitumbwi yao, na safari za kubadilishana mikufu na bangili za makombe. Vitabu vyake vikawa msingi wa elimu ya anthropolojia.

Mwaka 1971 akafika huko mama wa Kimarekani, Annette Weiner. Aliwakuta wanawake matangani wakigawa mafungu ya majani makavu ya migomba pamoja na sketi. Kumbe hiyo ilikuwa mali! Kwa mgao huo ukoo wa mama uliwalipa waliomlilia marehemu, na waume walitoa vitu vyao ili wake zao wasiaibike. Weiner aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1976.

Sisemi Malinowski alidanganya. Nasema mali ya wanawake hakuipa uzito. Je, historia ngapi zetu zimeandikwa kwa kuwauliza wazee wa kiume barazani, huku bibi zetu wakiwa uani na nusu ya habari?