Selvik, Sveinbjörn na nyimbo za wapagano wa kaskazini: nani alichunga mbegu?

Wandugu, wengi wetu tuliona filimu ya Vikings. Ilipita kutoka flash moja mpaka ingine, hata wale waliokuwa na mitihani asubuhi waliiangalia. Ile sauti nzito inayotoka wakati mashua zinapita kwenye ukungu, wengi walidhani ni kompyuta njo inapiga. Kumbe ni mtu. Anaitwa Einar Selvik, ni wa Norwe, alizaliwa 1979, na kundi lake linaitwa Wardruna. Anaimba juu ya miungu ambayo nchi yake iliacha kuabudu hadharani karibu miaka 1000 iliyopita, anaimba na vyombo ambavyo hakuna duka lilikuwa linauza, na kazi hiyo njo inamlisha.

Swali langu ni: ilifikaje pale? Juu jibu la haraka la «alipata bahati ya filimu» haliniingii. Bahati ya filimu ilimkuta tayari eko na kazi ya miaka kumi.

Tuanze na neno lenyewe. «Mpagano» sisi tulilipokea kwa wamisionere, na tukalichukua kama tusi. Lakini wamisionere walilitumia kwanza kwa babu zao wenyewe. Kwa Kilatini paganus ilikuwa mtu wa kijijini, mtu wa mashamba, yule aliyebaki na desturi za zamani wakati watu wa mji wamekwisha kubatizwa. (Sisi wa agronomia tungekuwa wa kwanza kwenye orodha.) Leo kuna watu Ulaya wanaojiita hivyo kwa hiari yao, na hawaoni haya.

Kule kaskazini mambo yalikwenda hivi. Islandi ilikubali Ukristo karibu mwaka 1000, kwa uamuzi wa baraza lao la Althing, na mwanzoni waliacha watu watoe sadaka za zamani kwa siri nyumbani. Norwe ilikuwa kwa upanga zaidi: mfalme Olav Haraldsson aliuawa vitani Stiklestad mwaka 1030, kisha akafanywa mtakatifu, na dini ya zamani ikazama. Lakini Waislandi walikuwa na kitu kingine: walipenda kuandika. Miaka ya 1200, wakiwa Wakristo kabisa, waliandika mashairi ya miungu ya babu zao. Kitabu kikubwa cha mashairi hayo, Codex Regius, kiliandikwa karibu 1270. Mwaka 1662 kikapelekwa kwa mfalme wa Denmark, na kikakaa Copenhagen zaidi ya miaka 300. Kilirudi Reykjavik mwaka 1971, kwa meli ya jeshi, na watu walijaa bandarini kukipokea.

Hapa akili yangu ya shamba inaamka. Kwenye masomo tulifundishwa njia mbili za kuchunga mbegu. Ya kwanza ni kuiweka kwenye baridi, mbali na shamba, kama ile ghala ya Svalbard ambayo Norwe hiyohiyo ilifungua mwaka 2008. Ya pili ni kuiacha mkononi mwa mkulima, aipande kila msimu. Ya baridi inachunga mbegu, lakini haichungi ujuzi: siku gani unapanda, unaweka nafasi gani, unavuna kwa wimbo gani. Codex Regius ilikuwa mbegu ya baridi. Maneno yote yapo. Sauti hakuna. Hakuna mahali mwandishi aliandika namna ya kuyaimba.

Lakini Islandi ilikuwa pia na shamba dogo lililobaki. Wanaliita rímur: visa virefu vya vina, vinavyoimbwa bila chombo, usiku wa baridi, wakati watu wa nyumba wanachambua sufu ya kondoo. Haikuwa dini, na wachungaji wengi hawakuipenda. Lakini ilichunga koo za watu. Ilichunga namna ya kuvuta pumzi na kushuka sauti mwisho wa mstari.

Ndani ya shamba hilo njo alikomaa Sveinbjörn Beinteinsson, aliyezaliwa 1924. Alikuwa mfugaji wa kondoo mahali panapoitwa Draghals, na mtunzi wa rímur, mpaka akaandika kitabu juu ya kanuni za vina mwaka 1953. Mwaka 1972, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kile kurudi, yeye na wenzake wachache waliunda shirika la dini ya zamani, Ásatrúarfélagið. Walikwenda kwa waziri kuomba likubaliwe na sheria. Kule wanasimulia kwamba baada ya mazungumzo radi ilipiga na umeme ukakatika sehemu ya mji. (Kwetu umeme ungekatika hata bila radi, na hakuna angeona muujiza.) Mwaka 1973 serikali ilikubali.

Mtu huyu hakuwa na kundi la wapiga gitaa, hakuwa na meneja. Alikuwa na ndevu ndefu, kondoo na koo. Mwaka 1982 alitoa sahani ya mashairi ya Edda, akiyaimba kwa sauti ya rímur. Mwaka huohuo alionekana kwenye filimu Rokk í Reykjavík, katikati ya vijana wa punk wenye nywele za rangi, mzee anaimba peke yake. Vijana wale hawakumcheka. Mmoja wa watu wa kizazi kile, Hilmar Örn Hilmarsson, akawa mtunzi wa muziki wa filimu, na tangu 2003 njo anaongoza shirika lile la Sveinbjörn. Mwaka 2002 alishirikiana na kundi la Sigur Rós kwa kazi moja juu ya Odin, na mwimbaji wa rímur aliyewekwa mbele alikuwa Steindór Andersen, ambaye kazi yake ilikuwa uvuvi. Mfugaji na mvuvi. Chuo cha muziki hakikuwa mlango wao.

Norwe ilikuwa ngumu zaidi, juu kule shamba liliungua. Walikuwa na fidla yao ya Hardanger, na hadithi yake mtu wa Lubumbashi ataitambua mara moja. Wanasema kuna kiumbe kinachokaa chini ya maporomoko ya maji, Fossegrim. Unamletea nyama, naye anashika mkono wako anakufundisha kupiga. Nyama ikiwa kidogo, utajua kukaza nyuzi tu, hutajua kupiga. Sasa nani kati yetu hakusikia hivyohivyo juu ya Mamba Muntu na wanamuziki? Kwenye karne ya 19, wakati wa uamsho wa kidini, wahubiri waliita fidla hiyo chombo cha Shetani, na wapigaji wengine waliichoma wenyewe baada ya kuokoka.

Miaka ya 1990 wajukuu walichukua moto huo wakaugeuza. Vijana wa muziki wa black metal, wenye hasira na kanisa, walianza kuchoma makanisa ya mbao. Lile la Fantoft, karibu na Bergen, lilikuwa limejengwa karibu 1150. Liliungua Juni 1992. Waliita hiyo kurudi kwa babu. Mimi naona hapana. Kanisa lile la mbao lilichongwa na mafundi waliokuwa wajukuu wa wapagano wenyewe, na mikono ileile iliyojua kujenga mashua za Vikings. Walichoma urithi wao.

Selvik alitoka kwenye muziki huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa mpiga ngoma wa Gorgoroth, kundi la black metal la kwao. Akaacha, akaanza kitu ambacho hakikuwa na soko: kuimba rune 24, zile herufi za zamani za kaskazini, moja baada ya ingine, kwa sahani tatu. Aliyekuwa naye tangu mwanzo ni mwimbaji Lindy-Fay Hella. Kazi ilianza karibu 2003. Sahani ya kwanza ilitoka 2009. Hesabuni wenyewe. Ya pili ikafuata 2013, na ya tatu 2016.

Kwa nini muda huo wote? Juu alipaswa kujifunza kila kitu. Kinubi cha zamani, zeze lenye nyuzi za nywele za mkia wa farasi, pembe ya mbuzi, ngoma ya ngozi ya mnyama wa porini. Vingine alivitengeneza mwenyewe. Alisoma mashairi ya zamani na maandishi ya wataalamu, akajua wapi ushahidi unaishia na wapi yeye anaanza kubuni, na hafichi hilo: anasema wazi kwamba muziki wake si wa miaka 1000 iliyopita, ni wa leo uliotengenezwa na vitu vya zamani. Wimbo unaogusa mti, alikwenda kurekodi mlio wa miti. Unaogusa maji, alikwenda kuimba ndani ya mto. Wengine wataona ni maonyesho. Mimi naona ni mtu wa kazi ya uwanjani: huwezi kuandika juu ya udongo bila kuuchimba.

Vikings ilianza 2013, na muziki wake ukaingia humo. Baadaye akaombwa kutunga pamoja na mtunzi wa filimu Trevor Morris, mpaka yeye mwenyewe akaonekana anaimba. Mwaka 2020 akaingia kwenye mchezo wa video Assassin's Creed Valhalla. Lakini angalieni upande wa makaratasi, juu pale njo wasanii wetu wengi wanaliwa. Sahani mbili za kwanza zilipita kwa nyumba ndogo ya Oslo. Kisha yeye na wenzake wawili walifungua nyumba yao wenyewe, By Norse Music, na sahani ya tatu ikatokea huko. Sony ilipokuja kwa sahani ya 2021, Kvitravn, jina la By Norse lilibaki palepale kando ya lile la Sony. Alifika mezani na wasikilizaji wake, na jina lake, na nyumba yake. Kujitegemea kwake haikuwa kukataa wakubwa. Ilikuwa kuchelewa kuwaita mpaka siku ambayo hawawezi tena kumpangia aimbe nini. Na katikati ya hayo alikuwa anapata pia kwa matamasha, semina na mafundisho mbele ya watu.

Kuna kivuli ambacho haifai kuruka. Rune zilichafuliwa. Hitler na askari wake wa SS walizitumia kama alama, na mpaka leo wabaguzi wa rangi wanazibeba kwenye mashati. Mtu wa kaskazini anayeimba juu ya babu zake anakuta watu hao wamekaa mstari wa mbele, wanafurahi. Selvik amesema hadharani kwamba urithi huu hauko wa wenye chuki. Shirika la Islandi pia limekataa kushikwa nao. Sisi wa mashariki tunajua vizuri kile hadithi za babu zinaweza kufanya zikiingia mkononi mwa mtu anayetafuta adui.

Wimbo wake unaonigusa zaidi ni Helvegen, wa mwaka 2013, juu ya njia ya mtu anayekufa. Kwenye matamasha huwa anaeleza kwamba zamani walikuwa na nyimbo za kusindikiza marehemu, na nchi yake ilizipoteza. Ikabidi atunge mpya. Maelfu ya watu wanasimama kimya wakimsikiliza, na wengine wanalia, juu hawakuwa na wimbo wa kumzikia baba.

Mimi nilisikia hiyo nikafikiria kilio cha kwetu. Sisemi mtu aache kanisa lake. Kwaya njo inabeba vilio vyetu, na inabeba vizuri. Lakini zile nyimbo za kabla ya kwaya, za mtu wa likembe anayekaa karibu na moto na kutaja ukoo wa marehemu mpaka asubuhi, zimekwenda wapi? Nyingine ziko Tervuren, karibu na Bruxelles, kwenye rekodi zilizochukuliwa wakati wa ukoloni. Hiyo ni ghala ya baridi. Nyingine bado ziko vijijini, kwa wazee ambao wakikosea mstari, mzee mwingine anawasahihisha palepale. Selvik, na kazi yake yote, hajapata hata siku moja mtu wa kumwambia kwamba sauti ile haishuki pale. Walikwisha kufa kabla ya mtu kuwauliza.

Kwetu yule mzee wa kusahihisha anaweza kuwa ni babu wa mmoja anayesoma hii sasa, na simu iliyo mkononi inarekodi.