Kopi Imefika Wapi? Historia ya Ule Mstari wa Kijani

Wandugu, tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kartie 10 kati ya 18 za Goma zihame palepale. Watu laki kadhaa wakashika njia: huyu Sake, yule Gisenyi, wengine boti ya Bukavu. Mama wanafunga magodoro, na sisi watu wa chuo tuko mbele ya mashini tunajiuliza tukopi nini kwanza. TFC ya dada, noti za miaka mitatu, picha za marehemu baba, vyote viko ndani ya mashini ya mezani, na mashini ya mezani haibebwi kichwani. Unachomeka flashi, unaanza. Mstari wa kijani unasema zinabaki dakika 14. Kisha saa 2. Kisha dakika 3.

Siku ile nilianza kutaka kujua huo mstari ulitoka wapi na kwa nini unasema hivyo.

Zamani haukuwepo. Kwenye MS-DOS uliandika amri ya kukopi, ukasubiri mbele ya skrini nyeusi, na mwishoni ndiyo ikakuambia faili ngapi zimekopiwa. Katikati ya faili kubwa ni kimya tu. Je, inafanya kazi ao imekufa? Hujui. Mwaka 1985 Brad Myers, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Toronto, alitoa andiko kuhusu michoro inayoonyesha asilimia ya kazi iliyokwisha. Aliwajaribu watu, akakuta wanapenda zaidi mashini inayowaonyesha imefika wapi. Ndiyo, mwanafunzi kama sisi. Miaka 10 baadaye Windows 95 ikaja na zile karatasi ndogo zinazoruka kutoka folda moja kwenda nyingine, na mstari chini yake.

Hapa kwetu, lava ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani na kuunguza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ilitukuta bado wengi tuko watu wa makaratasi na disketi. Disketi moja ilibeba megabaiti 1.44. Kujaza CD moja ya megabaiti 700 ungehitaji disketi karibu 490! Flashi za kwanza zilikuwa zimeanza kuuzwa mwaka 2000 tu, zile za megabaiti 8, na zilichukua muda kufika mifukoni mwetu.

Zilipofika, zikabadilisha kila kitu kwenye sekretaria, vile vibanda vya kuchapisha na kufotokopi karibu na vyuo. Foleni ya wanafunzi, kila mmoja na flashi yake, na umeme unaenda na kurudi unavyotaka. Mashini nyingi nilizoziona humo zilikuwa na SuperCopier, programu ya bure inayochukua nafasi ya kopi ya Windows. Si kwa urembo. Kopi ya Windows ya wakati ule, ikikuta faili moja mbovu kati ya mia tano, ilisimama na kuacha yote yaliyobaki. SuperCopier iliiweka ile mbovu pembeni, ikaendelea, na mwishoni ikakupa orodha ya zilizokataa. Ulipanga kopi zako kwenye foleni, ukasimamisha moja, ukapitisha ya mteja mwenye haraka. TeraCopy nayo iliongeza jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: ukitaka, inasoma tena kilichoandikwa na kukilinganisha na asili. Microsoft walikuja kuweka kitufe cha kusimamisha na mchoro wa mwendo kwenye Windows 8, Oktoba 2012. Mwezi haujaisha, M23 wakaingia Goma, tarehe 20 Novemba, na watu wakakimbia tena na flashi zao.

Sasa ule uongo wa dakika. Mashini inagawa kilichobaki kwa mwendo wa sasa hivi. Filamu moja ya gigabaiti 1 inapita kwa mwendo mmoja mzuri. Noti 4,000 ndogondogo za uzito uleule zinachelewa sana, sababu kila faili lazima iandikishwe kivyake kwenye diski, kama abiria mmojammoja pale mpakani Petite Barrière. Kopi ikitoka kwenye filamu na kuingia kwenye noti, mwendo unaanguka na dakika 3 zinakuwa saa. Kwa hiyo mimi siangalii dakika. Naangalia jina la faili inayopita na idadi ya zilizobaki. Umeme ukikatika, hiyo ndiyo inakuambia umeokoa nini.

Na kuna kukata. Wengi wanapenda kukata na kubandika, eti haraka. Ndani ya diski moja ni kweli, mashini inabadilisha anwani tu. Lakini kutoka mashini kwenda flashi, kuhamisha ni kukopi halafu kufuta asili. Ukikatikiwa katikati, kazi yako inakuwa nusu huku nusu kule. Siku ya kukimbia, kopi. Usikate.

Tena mstari ukijaa haimaanishi kila kitu kimeshaandikwa. Mashini, hasa za Linux, zinaweza kuweka data kwanza kwenye kumbukumbu ya muda na kuimimina polepole ndani ya flashi. Mwaka ule wa 2021 jirani yangu alichomoa flashi mara tu mstari ulipofika mwisho, maana gari lilikuwa linapiga honi. Huko Sake akakuta folda zina majina yote, na faili za mwisho hazifunguki. Ile amri ya kuondoa flashi kwa usalama ndiyo inayolazimisha mashini kumaliza kumimina. Kwa noti chache ni sekunde kadhaa. Kwa flashi ya zamani iliyojazwa, hesabu dakika, na mwambie dereva angoje.