Waliopanga Mji na Waliopanga Chumba

Historia ya Dar es Salaam imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya watawala. Inaanza na Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ambaye katika miaka ya 1860 alianza kujenga jirani na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima wa Kishomvi na Kizaramo. Majid alifariki mwaka 1870, na ndugu yake Barghash akayaacha majengo yake yaote nyasi. Kisha wanakuja Wajerumani, walioweka kituo hapo mwaka 1887 na kuuhamisha mji mkuu wa koloni kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Waingereza wanafuata mwaka 1916, na baadaye serikali ya uhuru. Simulizi hiyo si ya uongo, ila inaacha bila jibu swali ambalo mwanahistoria yeyote wa mji huu angepaswa kuanza nalo. Wakoloni wote wawili walitaka mji mdogo wenye Waafrika wachache, na serikali ya uhuru nayo mara kadhaa ilijaribu kuwarudisha watu mashambani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Watu hao walilala wapi? Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa mwenye ramani na kwa mwenye kulipa kodi ya mwezi: wote wawili hupanga. Hoja yangu ni kwamba Dar es Salaam imejengwa zaidi na wapangaji wa vyumba kuliko wapangaji wa mji.

Chombo chao kilikuwa nyumba ya vyumba sita. Umbo lake kila mkazi analijua: baraza mbele, korido katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kila upande, na uani penye jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Zamani ilijengwa kwa boriti za mikoko, fito na udongo, ikaezekwa makuti au madebe yaliyokunjuliwa na kugongwa yakawa bapa. Uzuri wa nyumba hiyo ulikuwa katika hesabu yake. Mwenye nyumba angeweza kumaliza chumba kimoja au viwili, akahamia, akapangisha kingine, na kodi ikanunua boriti za vyumba vilivyobaki. Hakuhitaji benki, wala benki isingemkopesha. Mgeni aliyetoka bara kutafuta kazi ya kupakua meli hakuhitaji kiwanja wala kibali cha ujenzi. Alihitaji kodi ya mwezi na mtu wa kwao wa kumwonyesha mlango.

Sheria za ujenzi za Kijerumani za mwaka 1891 ziliugawa mji kwa aina ya nyumba iliyoruhusiwa, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo katika miaka ya 1920: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, ulioachwa wazi makusudi ili kuwatenga Waafrika kwa kisingizio cha afya. Kariakoo, kiini cha Uswahilini huo, ilirithi jina lake kutoka kambi ya wapagazi wa kijeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokufa kwa maelfu wakilibebea jeshi mizigo. Ilipimwa viwanja vilivyonyooka kama mistari ya daftari, na mpimaji huenda aliona kazi imekwisha. Lakini mstari wa kiwanja haukusema ni watu wangapi wangelala ndani yake. Mwaka 1944 serikali ilijipa uwezo wa kisheria wa kuwaondoa mjini Waafrika wasio na kazi, waliopachikwa jina la wahuni, na misako ikafuata. Hata hivyo sensa ya mwaka 1957 ilikuta watu 128,742, na ile ya mwaka 1967 ikakuta 272,821. Waliosombwa kwa lori walirudi, kwa sababu chumba kilikuwepo na ndugu alikuwa bado ndani yake.

Nyumba hiyo ilifanya kazi nyingine ambayo hakuna ofisi iliyoiagiza. J. A. K. Leslie, ofisa wa kikoloni aliyeuchunguza mji huu mwaka 1956 na 1957, aliwakuta watu wa makabila mbalimbali wakiishi chini ya paa moja. Mzaramo, Mnyamwezi, Mluguru na Mmanyema walitumia choo kimoja na uani mmoja, na lugha ya kugombania zamu ya maji ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana sishangai kwamba TANU, chama kilichodai uhuru, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba iliyoko pembeni mwa Kariakoo, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake katika chama hicho mwaka uliofuata, alipitia vikundi vya ngoma ya lelemama, ambavyo uhai wake ulikuwa katika baraza na nyua hizo hizo.

Uhuru haukuondoa mvutano. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilianza kwa kubomoa nyumba za udongo na kujenga za matofali, na katika maeneo kama Magomeni lilifuata ramani ile ile ya korido na vyumba sita; sijui heshima kubwa zaidi ambayo mhandisi angeweza kumpa fundi wa mtaani. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi mpya zilichukua tu nafasi ya zilizovunjwa. Katika miaka ya 1970 sera ikageuka: viwanja vikapimwa Sinza na Kijitonyama, na Manzese, badala ya kuvunjwa, ikapelekewa barabara na maji. Ilikuwa busara, nayo haikudumu. Mwaka 1983 kampeni ya Nguvu Kazi iliwasaka tena wasio na ajira rasmi ili wapelekwe vijijini, na maneno yake yalifanana mno na yale ya mwaka 1944.

Mtu atasema kwamba bila bandari na bila reli ya kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, pasingekuwa na mpangaji hata mmoja. Ni kweli, na sipunguzi uzito wake. Lakini bandari inaeleza kwa nini watu walikuja, haielezi walivyoweza kubaki. Kota za serikali za Ilala na Magomeni zilikuwa chache mno kwa mahitaji. Mwajiri aliyemlipa kibarua ujira wa mtu mmoja asiye na familia aliutegemea Uswahilini umlaze kwa bei ya chini. Kwa maana hiyo wenye nyumba wa Kariakoo waliibeba bandari migongoni.

Pingamizi zito zaidi ni la mabondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Je, si huo ndio mwisho wa kujijengea bila mpango? Vifo hivyo si vya kupitia harakaharaka. Ila walioshuka bondeni walishuka kwa sababu ardhi ya juu iliyopimwa haikuwafikia, na ramani rasmi haikuwa na macho zaidi yao: karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, katika bonde lilelile, na maji yameiingia mara kwa mara. Wala simpambi mwenye nyumba. Kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, juu yake dalali akidai ya mwezi mmoja, ni mzigo unaowaumiza vijana. Lakini serikali isiyotenga viwanja vya kutosha ndiyo inayompa mwenye nyumba nguvu hiyo.

Kariakoo ya leo ni ya maghorofa ya maduka, na nyumba za korido zilizobaki huko ni chache. Magomeni Kota nayo imejengwa upya kwenda juu. Umbo la zamani limehamia pembezoni, Mbagala, Gongo la Mboto na Chanika, safari hii kwa matofali ya saruji, na mara nyingi chumba cha kwanza hupata mpangaji kabla cha pili hakijapata bati.