Likizo ya uzazi Uingereza haikushuka kutoka mbinguni

Nimekuwa kimya kidogo, mnisamehe, lakini leo nina jambo la kuwaandikia na ni refu, kwa hiyo tafuteni chai kabisa.

Kila mwenzetu wa huku akijifungua, simu za nyumbani huja na swali lile lile: hivi ni kweli mnakaa nyumbani mwaka mzima na bado mnalipwa? Mama mdogo mmoja akaongeza kwamba kumbe Wazungu wana huruma sana na wanawake. Huruma? Jamani! Hii haki ilichukua zaidi ya miaka mia moja, na kila hatua kuna watu waliachwa nje mpaka walipopiga kelele. Naisimulia kwa sababu baadhi ya wadogo zetu wako njiani kuja kufanya kazi huku. Asiyejua haki ilikotoka huiona kama hisani, na hisani mtu haidai.

Tuanze mwaka 1891. Wakati ule Uingereza ni nchi ya viwanda, na wanawake wengi wako kwenye mashine za kusokota na kufuma pamba. Mwanamke alikuwa akijifungua, baada ya siku chache anarudi kiwandani, mtoto anaachiwa jirani. Bunge likapitisha sheria ya viwanda iliyomkataza mwajiri kumpokea mwanamke kazini ndani ya wiki 4 baada ya kujifungua. Nzuri, si ndiyo? Lakini haikusema mwanamke huyo ale nini katika hizo wiki 4. Alikatazwa kazi, mkate hakupewa. Halafu ikawekwa kwamba mwajiri ana kosa tu ikiwa alimwajiri "kwa kujua". Basi mwajiri akisema hakujua, mama akisema mtoto ana miezi miwili, mambo yanakwisha hapo hapo. Njaa ilikuwa na nguvu kuliko sheria.

Pesa zilikuja na sheria ya bima ya taifa ya mwaka 1911, iliyosukumwa na waziri wa fedha David Lloyd George. Kuanzia mwaka 1913, mfanyakazi aliyechangia bima, au mke wa mfanyakazi huyo, akijifungua zinatolewa shilingi 30. Enzi hizo shilingi 20 ndiyo pauni moja (na hiyo shilingi yao ndiyo iliyotuachia sisi jina la pesa yetu). Familia nyingi za vibarua wa London zilikuwa zikiishi kwa takriban pauni moja kwa wiki, kwa hiyo shilingi 30 hazikuwa kidogo. Tatizo likawa moja: mume ndiye mwenye bima, basi kisheria pesa ni za mume! Mama amelala kitandani na kichanga, baba anapita kwanza kwenye pombe... nadhani hadithi hiyo hata kwetu mnaijua.

Hapo wakaingia akina mama wa chama cha ushirika, Women's Co-operative Guild, katibu wao akiitwa Margaret Llewelyn Davies. Wengi wao walikuwa wake wa wafanyakazi wa kawaida. Walidai pesa iwe mali ya mama mwenyewe, na mwaka huo huo wa 1913 sheria ikabadilishwa. Mwaka 1915 wakatoa kitabu cha barua za wanachama wao wakieleza walivyobeba mimba wakiwa na njaa, walivyofua nguo za watu mpaka siku ya uchungu, na walivyozika watoto. Barua 160, hazina majina. Ukizisoma huoni Mzungu wala Mwafrika, unamwona mama tu.

Mwaka 1919 shirika la kazi la kimataifa, ILO, lilikutana Washington na kukubaliana mkataba wa wiki 12 za likizo ya uzazi zenye malipo. Uingereza haikuuridhia. Tena kwa miaka mingi walimu na watumishi wa serikali wa kike walikuwa wakiondolewa kazini wakiolewa tu, achilia mbali kuzaa. Kwa walimu kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1944, kwa utumishi wa serikali mwaka 1946, na kwa wanadiplomasia mpaka mwaka 1973. Ndiyo, 1973, Tanganyika ikiwa na miaka 12 ya uhuru.

Baada ya vita kuu ya pili ukaja mpango mpya wa bima, ulioanza tarehe 5 Julai 1948, siku ile ile huduma ya afya ya taifa, NHS, ilipozaliwa. Mwanamke mfanyakazi aliyechangia akaanza kupata posho ya uzazi kwa wiki 13, na mwaka 1953 zikawa 18. Lakini angalieni: posho alipata, kazi hakuhakikishiwa. Mwajiri aliweza kumfukuza mwenye mimba na sheria isimguse.

Mlango huo ulifungwa na sheria ya ulinzi wa ajira ya mwaka 1975. Kumfukuza mtu kwa sababu ya ujauzito ikawa kosa, mama akapewa haki ya kurudi kazini kwake hadi wiki 29 baada ya kujifungua, na malipo ya wiki 6 kwa asilimia 90 ya mshahara. Wiki 6 ni siku 42. Nilipohesabu nilicheka, maana bibi zetu walishaweka arobaini zamani bila kuuliza Bunge lolote.

Ila na hapo kulikuwa na uzio. Ilibidi uwe umefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 2, na kama ni wa saa chache, kati ya 8 na 16 kwa wiki, basi miaka 5! Sasa niambieni, nani alikuwa anafanya saa chache, anahama hama kazi, anasafisha ofisi alfajiri? Wahamiaji, na akina mama wenye watoto wadogo. Waliohitaji zaidi ndio walioachwa nje.

Mwaka 1976 hapo hapo ndipo ulipoanza mgomo wa Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha kaskazini magharibi ya London. Aliyeuongoza ni Jayaben Desai, mama wa Kihindi aliyewahi kuishi Tanzania kabla ya kuja huku, na wenzake wengi walitoka Kenya, Uganda na Tanzania. Hawakugoma kwa ajili ya uzazi. Waligomea kulazimishwa saa za ziada na kutothaminiwa, wakataka chama chao kitambuliwe. Mgomo ulikwisha mwaka 1978 bila ushindi. Namtaja kwa sababu watu hapa walidhani mama wa kigeni mwenye sari hawezi kudai kitu, na yeye akawaonyesha kwamba anaweza. Haki ikishaandikwa bado inamngoja mtu wa kuidai.

Hata serikali yenyewe ilivunja haki hii. Kati ya mwaka 1978 na 1990 jeshi la Uingereza liliwaondoa wanawake zaidi ya 5,000 kwa sababu walishika mimba. Baadaye ilibidi likubali kwamba lilikiuka sheria za Ulaya, na fidia zikalipwa. Ulaya ndiyo iliyosukuma pia hatua iliyofuata: agizo la mwaka 1992 lililofanya kwamba kuanzia mwaka 1994 kila mwajiriwa wa kike apate angalau wiki 14 za likizo, awe ameanza kazi jana au miaka 10 iliyopita. Mwaka 2003 likizo ikapanuliwa na akina baba wakapata wiki 2 zenye malipo. Tangu mwaka 2007 kila mwajiriwa ana haki ya wiki 52, na malipo ni ya wiki 39.

Sasa msidhani tunaogelea kwenye pesa. Wiki 6 za kwanza ni asilimia 90 ya mshahara. Wiki 33 zinazofuata ni kiwango maalumu (mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 187.18 kwa wiki), chini ya nusu ya mshahara wa kima cha chini wa anayefanya kazi saa 37 na nusu. Wiki 13 za mwisho hakuna kitu. Kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2004 iliweka siku 84 kwa mshahara kamili, na siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kenya walipata miezi mitatu kwa mshahara kamili mwaka 2007. Kabla ya hapo ilikuwa miwili, na mama alipoteza likizo yake ya mwaka. Kwetu ni muda mfupi kwa pesa kamili, huku ni muda mrefu kwa pesa kidogo. Na mama ntilie wa kwetu hayumo kabisa, tusijidanganye.

Kwa nini nimewachosha na haya yote? Kuna dada mmoja wa kwetu huku, mtunza wazee. Aliposhika mimba aliogopa kufukuzwa, aliogopa viza, akaona bora aache kazi mwenyewe mwezi wa tano "kwa heshima". Malipo ya mwajiri yakampita, kwa sababu hakuwepo kazini wiki ya 15 kabla ya tarehe ya kujifungua. Kumbe bado alikuwa na haki ya posho ya uzazi ya serikali, maana alikuwa amefanya kazi zaidi ya wiki 26 katika zile 66 za kabla ya tarehe hiyo. Alikuja kuambiwa mtoto ana miezi sita. Posho hiyo hurudishwa nyuma miezi mitatu tu. Iliyobaki ikapotea. Alilia mbele yangu, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaokuja, shikeni haya. Usiache kazi kwa sababu ya mimba. Mkunga au daktari atakupa fomu ya MAT B1 wakati wowote ndani ya wiki 20 kabla ya tarehe yako. Mpelekee mwajiri na umwarifu kwa maandishi kabla ya ile wiki ya 15. Malipo ya mwajiri na ile posho vinatokana na kazi na michango ya bima, kwa hiyo havihesabiwi katika misaada ambayo viza nyingi zinakataza. Wala usimwonee bosi haya, maana serikali humrudishia sehemu kubwa ya pesa hizo, na akiwa mdogo hurudishiwa zote na ziada.

Na jambo la mwisho la kuwachekesha. Mpaka leo sheria ya huku inamkataza mama kufanya kazi wiki 2 baada ya kujifungua, lakini wa kiwandani ni wiki 4. Hizo wiki 4 ni zile zile za mwaka 1891, za wanawake wa pamba waliokatazwa kazi bila kupewa mkate. Zimebaki pale kama alama ya mahali safari ilipoanzia.

Msalimieni bibi, na mwenye mtoto wa kike anayejiandaa kuja huku amsomee haya. Mungu awalinde.