Injili Iliyoingia kwa Mlango wa Jikoni

Popote unapolisoma gazeti hili la maadhimisho yetu, iwe Uvira au Bujumbura, Kigoma au Kamembe, Kisumu au Mbale, nakusalimu kama mtu wa nyumbani. Kamati iliniomba niandike historia ya tulikotoka. Nikakubali harakaharaka, kama sisi wachungaji tunavyokubali kila jambo, halafu nikakaa wiki tatu na karatasi tupu mezani.

Si kwamba historia siijui. Wewe na mimi tunaijua, tena kwa namna ile moja tuliyozoea kuisikia kwenye sherehe: mwaka fulani alifika mmisionari fulani, akafungua misheni, watu wakabatizwa, kanisa la nyasi likawa la tofali, bati likapanda, mwenyeji wa kwanza akawekewa mikono. Naweza kukupa hiyo kwa pumzi moja. Mwaka 1921 Wapentekoste wa kwanza kutoka Sweden walifika upande wa Uvira, Kongo ya Wabelgiji wakati huo, na katika miaka hiyohiyo ndugu wa Norwe wakaanza kazi Kaziba. Kutoka huko moto ukavuka. Mwaka 1935 kazi ikafunguliwa Kiremba, kusini mwa Burundi. Mwaka 1940 ikafika Gihundwe, upande wa Cyangugu, Rwanda. Na Tanganyika nayo Waswidi walikuwa wameshaingia katika hiyo miaka ya 1930. Wapendwa wa Kenya na Uganda mna njia yenu iliyopitia Nyang'ori, nitaigusa baadaye.

Hiyo ndiyo mifupa. Nyama yake niliipata kwa mzee mmoja wa kanisa huko Uvira, tulipovuka mimi na mama mchungaji kwenda kwenye semina ya watumishi. Jioni tumekaa nje, tunakula ugali wa muhogo na ndakala, nikamuuliza injili iliingiaje kwao. Akacheka. "Pasta," akasema, "kwetu neno halikuingia kwa mulango ya kanisa. Liliingia kwa mulango ya jikoni." Kisha akaanza kutusimulia habari za Svea Flood.

Huenda umewahi kuzisikia. Mimi nimezihubiri zaidi ya mara kumi. Binti wa mama huyo alikuja kuziandika mwenyewe akiwa mtu mzima, na nazifuata kama alivyozisimulia. Svea na mumewe David walikuwa vijana kutoka Sweden. Walikuja na mtoto wao mdogo wa kiume, wakapanda milimani pamoja na wenzao, mume na mke wa jina la Erickson, hadi kijiji kinachoitwa N'dolera. Chifu akawakatalia kuingia. Aliogopa wageni hao wangeiudhi miungu ya pale. Basi wakajenga vibanda vya udongo juu kidogo ya kijiji, wakakaa huko na homa zao. Mtu pekee aliyeruhusiwa kufika kwao alikuwa mvulana mmoja, aliyekuja kuwauzia kuku na mayai.

Sasa wewe fikiria. Umeacha kwenu, umevuka bahari, umepanda mlima, na kanisa lako lote ni mtoto mmoja na kikapu cha mayai. Svea alisema kwamba kama huyo ndiye pekee atakayeweza kusema naye, basi atasema naye huyo. Akawa kila akinunua mayai anamfundisha habari za Yesu. Mvulana akaamini. Matunda yaliyoonekana yakaishia hapo. Wenzao wakachoka wakarudi misheni. Svea akawa mjamzito, malaria ikimpiga, na mwaka 1923 akajifungua binti, wakamwita Aina. Baada ya siku chache mama akafa.

David alichimba kaburi, akamzika mkewe, na kitu kikakatika ndani yake. Aliteremka mlima akiwa na hasira na Mungu. Yule mtoto mchanga akawaachia akina Erickson, akamchukua mwanawe wa kiume, akarudi Sweden. Muda haukupita, akina Erickson nao wakafa, na mtoto akachukuliwa na wamisionari Wamarekani waliomlea kama wao. Akakulia Marekani kwa jina la Aggie, akaolewa na mchungaji.

Miaka mingi baadaye gazeti la Kiswidi likamfikia, na ndani yake picha ya kaburi lenye msalaba, msalabani jina la mama yake. Akatafuta mtu wa kumtafsiria. Gazeti lilieleza kwamba yule mvulana wa mayai alikua, akapata ruhusa ya kujenga shule kijijini, akawaleta wanafunzi wake kwa Yesu, wanafunzi wakawaleta wazazi, hata chifu mwenyewe akaokoka. Aggie akaenda Sweden kumtafuta baba yake. Akamkuta mzee mgonjwa, pombe imemmaliza, na nyumbani kwake kulitaja jina la Mungu ilikuwa mwiko. Akamsimulia habari za yule mvulana. Mzee akalia, akatubu, na haikupita muda mrefu akafariki. Baadaye, kwenye mkutano London, Aggie alikutana uso kwa uso na mvulana yule, sasa kiongozi wa kanisa kubwa Zaire. (Angalia jambo moja hapa, ndugu yangu: majina ya wazungu wote tunayo, lakini katika masimulizi mengi huyu aliyefanya kazi yenyewe amebaki kuwa "mvulana wa mayai". Sisi wenyewe tunaopiga makofi tumeridhika hivyo.)

Mimi nilipohubiri habari hii nilimalizia kila mara kwenye idadi ya walioamini. Watu wanasimama, haleluya, sadaka inatolewa. Usiku ule Uvira nilidhani tumemaliza, nikaanza kumshukuru mzee. Mama mchungaji akauliza taratibu, "Na yule mtoto wa kiume? Aliyerudi na baba yake. Yeye ilikuwaje?"

Mzee hakuwa na jibu. Mimi ndiyo kabisa. Nimeihubiri zaidi ya mara kumi, na sijawahi kumfikiria yule mtoto. Aliuona mlima, alimuona mama yake akifukiwa, akashikwa mkono na baba aliyenyamaza, akakua katika nyumba ambamo Mungu hatajwi. Naye ni sehemu ya historia ya kanisa letu.

Tangu hapo kila habari ya waanzilishi naisoma nikitafuta nani alikuwa ndani ya nyumba. Ndiyo nakuja Nyang'ori. Wengi mnamjua Otto Keller, ambaye kazi yake huko magharibi mwa Kenya iliunganishwa na Wapentekoste wa Kanada mwaka 1924, na kutoka pale ikavuka hadi Uganda. Lakini mkewe Marian alitangulia kuja Afrika Mashariki na mume wa kwanza, Karl Wittick, na huyo alifia upande wetu huu wa Tanganyika, wakati wa Wajerumani, muda mfupi tu baada ya kufika. Mwanamke akabaki mjane ugenini, na hakufunga mizigo. Kumbe ile tunayoiita kazi ya Nyang'ori ndani yake kuna kilio cha mjane kilichotangulia.

Habari nyingine ni ya karibu zaidi, na mwenyewe yuko hai, anajulikana dunia nzima. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste, katika kanisa lile lililozaliwa na kazi ya Waswidi. Amesimulia mara nyingi kwamba akiwa mtoto alizoea kufuatana na baba yake kuwatembelea wagonjwa. Siku moja walienda kumwombea mtoto mchanga aliyekuwa hoi. Baba akaomba, wakaaga, wakatoka. Njiani kijana akamuuliza baba yake mbona mimi nikiumwa unaniombea na dawa unanipa, lakini yule umemwombea tu? Baba akamjibu kwamba yeye si daktari.

Hebu simama kidogo hapo. Mchungaji wa miaka ile, wakati wapendwa wengi waliona hata kidonge ni upungufu wa imani, anaulizwa na mtoto swali la namna hiyo njiani. Angeweza kumkemea. Mimi ningemkemea, nakuambia kweli. Ningesema, "Nyamaza, unamjaribu Mungu." Yule baba alijibu kweli ya kawaida kabisa, na mtoto akaamua moyoni kwamba basi yeye atakuwa daktari, baba aombe, yeye atibu.

Akasomea udaktari Bujumbura, akaanza kazi Lemera, hospitali ya kanisa kwenye milima ya upande uleule wa Uvira alikofia Svea. Huko akawaona akina mama wakifa kwa uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilivamiwa na watu zaidi ya 30 wakauawa, wagonjwa vitandani mwao na wafanyakazi walioshindwa kukimbia. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, chini ya kanisa, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa ajili ya wanawake aliowatibu baada ya kutendewa unyama vitani. Magazeti yaliandika habari za vita na za tuzo. Mimi nilikuwa nawaza ile njia ya kutoka kwa mgonjwa, baba na mtoto wanatembea, na swali halikuzimwa.

Vita hivyo wengi wenu mnavijua kwa miguu yenu, sina haja ya kuvieleza. Itoshe kusema kanisa letu la Tanzania lisingekuwa hivi lilivyo bila waliokimbia. Waliotoka Burundi mwaka 1972 wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, porini, na kabla mahindi hayajakomaa walikuwa wanaabudu chini ya miti, familia kwa familia. Si unakumbuka kaseti za kwaya ya Ulyankulu, Barabara ya 13? Jina lenyewe ni barabara ya makazi ya wakimbizi, na nyimbo zao zilipigwa kwenye mabasi yetu yote.

Sasa yangu. Kamati haikuiomba, lakini nimeshaandika hadi hapa.

Nyumba yetu Kigoma iko jirani na kituo cha mabasi, na bandari haiko mbali. Kwa miaka 20 na zaidi kila mtumishi aliyevuka ziwa, mwinjilisti, kwaya, mgeni wa semina, alilala kwangu. Nilijivunia hilo. Vitanda vilikuwa vitatu. Mgeni akigonga, mama mchungaji anabadilisha shuka, na watoto wanashuka kwenye mkeka. Hakuna aliyewahi kuwauliza. Kuku wakichinjwa, mapaja ni ya watumishi. Wakisali mkesha sebuleni, watoto hawalali, na asubuhi ni shule.

Mwanangu wa kwanza sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Mwanza. Kanisani haendi. Nilikuwa nasema mbele za watu kwamba ni dunia imemchukua, na nilimtolea mfano wa wana wa Samweli, kwamba hata nabii hakuwa na uwezo juu ya wanawe. Ulikuwa mfano mzuri sana. Ulinisafisha mimi.

Tuliporudi kutoka Uvira nilimpigia simu. Sikumhubiria. Nilimsimulia habari ya yule mtoto wa kiume wa Flood, na swali la mama yake. Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, "Baba, mimi mpaka leo nikisikia mtu anagonga mlango usiku, mgongo unauma." Nikamuuliza kwa nini. "Ule mkeka, Baba." Akaniambia kwamba kuna mwaka alikuwa na homa, mimi nikiwa Bujumbura kwenye mkutano wa injili, wageni wakafika, akashushwa kitandani hivyohivyo. Mama yake analikumbuka jambo hilo. Mimi sikuwahi kuambiwa, au niliambiwa nikasema Mungu atamponya.

Sikuwa na andiko la kumpa. Nilimwomba msamaha, kwa Kiswahili cha kawaida, bila kuongeza neno "lakini". Aliniambia atafikiri.

Maadhimisho haya wageni wanaotazamiwa Kigoma ni wengi kuliko miaka yote. Wazee wamekubali walale madarasa ya shule ya Jumapili, tumekodi magodoro, akina mama wameshapanga zamu za kupika. Wanaokuja kwa boti kutoka Uvira na Baraka mtapokelewa bandarini kama kawaida, msiwe na wasiwasi. Kwangu safari hii halali mgeni. Kile kitanda cha dirishani mama mchungaji amekitandika tangu wiki iliyopita, na neti mpya juu yake. Jana usiku kijana ametuma ujumbe, anauliza basi la Ijumaa kutoka Mwanza linafika Kigoma saa ngapi.