Swali la Mpemba na Hesabu za Wasomi

Nikiwa likizo Kasulu, kijana mmoja kutoka Kibondo aliniuliza: msomi hupimwa kwa kipimo gani? Nilimjibu kwa historia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu, ulioingizwa kwenye jokofu ukiwa moto, ukiganda kabla ya uliopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne, wenzake wakacheka. Osborne alilipima swali hilo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo makala hiyo imo hata katika hifadhidata ya elimu ya anga ya NASA, inayohesabu manukuu, na bado inanukuliwa. Sisi tunaopandishwa vyeo kwa wingi wa makala, tujiulize: ni maswali mangapi ya watoto wa Buha tumeyaacha yafie darasani?